Siku Niliyonyamaza Kagio

Jumapili, mtaani Skuta. Jua lilichomoza kidogo, likaonja baridi ya Nyeri, likarudi zake. Niko kitandani na soksi pea mbili, chai ya tangawizi kando, na maneno yote niliyoyabana jana yananiwasha kooni.

Jana sikusema neno hata moja.

Wanaonijua watacheka sana. Mimi ni mtu wa maiki. Nimerap Karatina, Nanyuki, Embu, na kwenye harusi za watu ambao hata hawakunialika. Sina meneja, sina kampuni. Narekodi kwa rafiki yangu hapa Skuta, chumba chenye godoro ukutani ili mtoto wa jirani asisikike akilia katikati ya wimbo. Mabango nabandika mwenyewe, bei naelewana mwenyewe. Muziki ukilala naandika: hadithi za hapa kwa blogu, na wasifu wa marehemu kwa familia zinazotaka mzee wao asomewe vizuri kaburini. Kusema ndiyo kazi yangu.

Lakini jana ilikuwa ruracio. Tulienda Kagio, kwa kina Wawira, kuomba mke na kuzungumzia mahari. Na kwetu, siku hiyo kijana anayeoa haongei. Anakaa, anaangalia viatu vyake, wazee wanamsemea.

Niliogopa, nikiri tu. Baba yake Wawira analima mpunga Mwea, na mwaka jana alimwambia bintiye wazi kwamba hatoi msichana kwa mtu wa muziki. Wawira naye hawezi kuolewa bila baraka ya babake. Aliniambia hivyo siku ya kwanza, na ndiyo sababu moja nampenda. Kwa hivyo akikataa mzee, mambo yamekwisha.

Msemaji wetu alikuwa Baba Mdogo Gachanja, ndugu ya marehemu baba yangu. Ndiye alinilea. Analima kahawa, ni mzee wa kanisa, anaimba besi kwa kwaya. Mimi ananiita "baba", kwa sababu nilipewa jina la baba yake, lakini hiyo haimzuii kunigombeza. Muziki wangu anauita "ile kelele". "Baba, ile kelele yako imekulisha leo?" Hivyo ndivyo ananisalimia tangu nimalize shule.

Basi tukapanga. Akiulizwa kazi yangu, aseme niko kwa mambo ya mawasiliano. Si uongo sana, ama? Alifanya mazoezi ya hilo neno njia nzima, kutoka Nyeri mpaka Sagana, akitingisha kichwa kama mtu anayemeza dawa.

Wamama wetu waliimba langoni mpaka tukafunguliwa. Tukala wali wa pishori na mbuzi, tukaombewa, kisha wazee wakaketi uso kwa uso. Mimi nilikuwa kwa kona, nimevaa suti ya kuazima, mikono katikati ya magoti. Baba Wawira hakuzunguka.

"Huyu kijana anafanya kazi gani?"

"Ya mawasiliano," akasema Baba Mdogo.

"Mawasiliano ya nini? Anauza simu?"

Watu wakacheka. Baba Mdogo hakucheka. Akavua kofia yake, ile nyeusi ya kanisani, akaiangalia ndani. Nikajua dawa imekataa kumezeka.

"Hapana," akasema. "Hiyo ni kitu tulipanga kwa gari. Mimi ni mzee wa kanisa, siwezi kuanza undugu na watu na hiyo. Huyu anaimba. Hiphop. Na anaandika hadithi. Hiyo ndiyo kazi yake na hana ingine."

Ati nini! Shangazi mmoja wa upande wao akasema "Yesu wangu", si kwa sauti ya chini. Wawira alikuwa mlangoni na wasichana wenzake. Nilimwangalia mara moja tu, nikarudi kwa viatu.

Baba Wawira akauliza kama ni ile ya matusi. Baba Mdogo akasema matusi hakuna, yeye amesikiliza. Hapo nikashtuka. Amesikiliza lini?

"Basi aimbe tusikie," akasema Baba Wawira.

Nikaanza kuinuka. Mungu ananiona, nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kwanza. Lakini mzee mmoja wao akanyoosha fimbo: kijana haongei leo, mila ni mila. Nikakaa. Maisha yangu yote yanangoja sekunde hiyo moja niongee, na sheria ni kwamba ninyamaze.

"Sawa," akasema Baba Mdogo. "Nitamsemea."

Akasimama. Akafunga kifungo cha koti. Kisha akaanza, kwa sauti ile ya besi ya kwaya, polepole kama mtu anayesoma zaburi, wimbo wangu. Wimbo wangu mimi!

*Mlima uko nyuma yangu, baridi iko mbele,*
*Nimechuma kahawa na vidole vikapiga kelele,*
*Nikabisha Nairobi, wakasema nirudi nikalelewe...*

"Mlima" kwake ulikuwa "mrima", na alitua pahali ambapo hata mimi sikujua pana kituo. Hakukuwa na biti, isipokuwa kuku wa watu nyuma ya jikoni. Na nakwambia, shajara, sijawahi kuusikia wimbo ule vizuri hivyo. Nilipigana na machozi, yakashinda. Alipofika kwa mstari wa mwisho wamama wetu walishindwa kungoja, wakapiga vigelegele vitano, vile vya mtoto wa kiume kuzaliwa, na mstari wenyewe ukazama humo.

Mama Mdogo, mke wake, baadaye aliniambia siri yote. Mzee huwasha hizo nyimbo zangu kila asubuhi akikamua. "Hata ng'ombe inajua zote," akasema. Yaani huyu mtu!

Baba Wawira alikuwa anaangalia Baba Mdogo, si mimi.

"Mimi sijaelewa yote," akasema mwishowe. "Lakini maneno ya kijana ikishikwa na mzee hivi, huyo kijana si wa kupotea."

Kisha akamwita Wawira, akamuuliza lile swali linaloulizwa kwetu siku kama hiyo, tena mbele ya watu wote.

"Mama, vitu vya hawa watu tupokee?"

"Pokeeni," akasema Wawira.

Hakungoja hata baba yake amalize. Watu walimcheka mpaka akajifunika uso na leso, na mimi nikabaki nimekaa kwa kona na tabasamu la kijinga, kwa sababu bado sikuruhusiwa kuongea.

Kwa hivyo naoa. Nimeandika hapa nione kama inasomeka. Inasomeka!

Sasa, leo asubuhi Wawira amenitumia video iliyochukuliwa na binamu yake. Nimeitazama nikisimamisha na kurudisha. Binamu alikuwa amesimama karibu kabisa na Baba Mdogo, na nyuma ya vigelegele mstari wa mwisho unasikika.

Mimi niliandika hivi: *Sina wa kunisemea, najisemea mwenyewe.* Ndio mstari ninaojivunia kuliko yote. Uko kwa fulana zangu. Watu wa Nanyuki huumalizia kabla sijaufikia.

Lakini sivyo alivyosema.

Nikampigia. Alikuwa ametoka kanisani, nasikia watu wakisalimiana. Nikamshukuru, halafu nikamtania kidogo kwamba alijitahidi sana ila alisahau mwisho.

"Sikusahau, baba," akasema. "Hiyo yako ni uongo. Ningesema aje hauna mtu, na mimi nimesimama hapo mbele ya watu na koti?"

Alipokata simu, nikairudisha video mpaka pale mwisho.

Chai imepoa. Kesho asubuhi naenda kwa yule rafiki yangu wa godoro ukutani, turekodi upya. Fulana zitaisha zenyewe. Mstari wa mwisho utakuwa wa Baba Mdogo, na nikipata namna ya kumtoa kwa ng'ombe, ausome yeye:

*Wa kunisemea niko naye, amesimama hapa mwenyewe.*