Chogo Hakuwa na Kosa

Nyumbani,
Ghorofa ya juu, mkabala na karakana ya milango ya chuma.
Jumapili asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Hujambo, wewe uliyezaliwa mwisho ukadekezwa na sisi sote? Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na wifi yangu na wanangu. Goti la wifi limepata nafuu? Yule mdogo ameacha kunyonya kidole, au bado anakisingizia kwamba kinamuwasha? Na wewe kifua chako vipi, na vumbi lote hilo la barabarani? Na macho? La macho nimeliweka mwisho kwa sababu ndilo lililonikalisha niandike, na ndilo nitakalotaka unijibu kwanza.

Sisi huku tunaamka na kula, tunamshukuru Mungu. Shemeji yako mzima, bado anakoroma na bado anakataa kwamba anakoroma. Mama naye mzima, anakusalimu, anasema umepungua kwenye picha ile ya mwisho.

Utashangaa kwamba nimeandika kwa mkono, tena kwa kalamu nene ile ya kuandikia maboksi. Usidhani nimechanganyikiwa. Naogopa, Kitinda. Nimeitwa mahakamani kwa ajili ya makala zangu, nimezomewa na ukumbi mzima wa wanaume waliovaa tai, na mara zote nilirudi nyumbani nikala nikashiba. Unanijua. Wale nilikuwa nawaona. Hiki ninachokiogopa sasa kinakula kule kule kwenye kuona.

Nianze na Chogo, maana wewe mwenyewe ndiye uliyempa jina hilo ulipomwona mara ya kwanza, ile skrini ya kompyuta yenye mgongo kama mtu aliyebeba gunia. Unakumbuka tulivyompandisha ngazi? Wewe mbele, shemeji yako nyuma, mimi nikitoa amri. Meza ilibidi ivutwe mpaka katikati ya chumba ili kisogo chake kipate pa kukaa. Paka akamfanya kitanda, kwa lile joto lake.

Kila mtu alinitaka nimtupe. Watu wazima walikuja kunywa chai hapa wakacheka, wakauliza kama bado natumia makaa kuiwasha kompyuta. Niliwajibu gazetini, makala nzima. Niliandika kwamba binadamu anayetupa kitu kizima kwa sababu muuzaji amemtazama kwa huruma ameshauza akili yake, na bei hakupanga yeye. Wasomaji walileta barua nyingi. Nilijiona nimeshinda.

Lakini Chogo naye akaanza kunichosha. Upande wa kushoto, kule chini, alianza kumeza maneno. Hakukuwa na doa jeusi, hapana. Maneno yalikuwa hayapo tu, kama vile sikuwahi kuyaandika. Nikahamisha maandishi yangu kulia. Pambizo la kushoto likapanuka, likapanuka tena, mpaka makala zangu zikawa nyembamba kama risiti. Mhariri akanipigia simu.

"Dada, siku hizi unaandika mashairi?"

"Naandika kwenye mashine mgonjwa," nikamwambia. "Kama gazeti lako lina huruma, litaninunulia nyingine."

"Na haya maneno yanayoruka mwanzo wa mistari?"

"Muulize Chogo."

Shemeji yako alikaa kwenye kiti changu, akatazama. Akasema, "Mbona mimi naona sawa tu." Nikamwambia yeye huona sawa kila kitu, hata chai isiyo na sukari huisifu. Akanyamaza. Ndivyo anavyonishinda siku zote, kwa kunyamaza, na mimi huhesabu huo kuwa ushindi wangu. Fundi wa kompyuta naye akaja, akapiga ubavu wa Chogo kwa kiganja kama anayechagua tikiti, akasema, "Mama, hiki kimechoka." Hakuangalia kona ya kushoto hata kidogo. Aliangalia kisogo, akatoa hukumu. Nilimwamini kwa sababu alikubaliana nami.

Basi nikasalimu amri. Ikaletwa skrini bapa, nyembamba kama trei ya kubebea vikombe. Fundi alifungua boksi hapa hapa sebuleni, akachomeka nyaya, akasogea nyuma kama mpiga picha. Sitakuficha, nilifurahi. Herufi zilikuwa kali mpaka nikaona aibu kwa jinsi nilivyokuwa nimezoea ukungu. Paka akaruka kulala juu yake kwa mazoea, akakuta hakuna juu, akaangukia kwenye kibodi akanifungulia mafaili yasiyojulikana. Tulicheka sote. Ndicho kicheko cha mwisho ninachokikumbuka bila hofu ndani yake.

Fundi akasema, "Haya mama, bonyeza pale chini kushoto, tuanze."

"Pale wapi?"

"Pale pembeni. Kwenye kile kitufe cha kona."

Sikuona kitufe. Nilitazama katikati ya kioo kama ninavyotazama siku zote, na kona ya kushoto ilikuwa tupu, safi, ile ile kona ya Chogo.

Unajua nilichofanya. Niligeuka nikamvaa yule kijana wa watu. Nikamwambia ameniletea kibovu, kwamba tabia ya kuwauzia wanawake vitu vilivyokataliwa na wengine naijua vizuri, na kwamba ana bahati mimi huandika kila wiki. Maskini, alitoa kitambaa akafuta ile kona. Akafuta tena. "Bosi," akamwambia shemeji yako, "nimekifungua mbele yenu, kina nailoni yake." Akashuka, akarudi na kingine, akakichomeka. Kona ile ile, tupu vile vile.

Nikafungua mdomo kuanza upya. Shemeji yako akaja akasimama nyuma ya kioo, akaweka kiganja chake pale pembeni.

"Tazama katikati," akasema. "Unaona vidole vyangu?"

"Vidole gani?"

Yule fundi alikuwa anakunja waya, mikono ikasimama.

"Sasa geuza uso huku," akasema shemeji yako, polepole, kama anayezungumza na mtoto aliye juu ya ukuta. Nikageuza uso. Vidole vikatokea vyote, na pete yake ya ndoa. Lakini ukutani, kushoto zaidi ya vidole hivyo, pakawa na pengo lile lile. Nikageuka huku, nikageuka kule. Ile kona ilinifuata kila nilikogeuka. Haikuwa ya Chogo, wala ya kile kipya. Ilikuwa yangu.

Kitinda, nilikaa pale na mambo yote yakaanza kurudi, moja likilivuta jingine. Fremu ya mlango wa jikoni inayonigonga bega la kushoto, ambayo nilisema fundi seremala aliipinda. Chai ninayoimimina kando ya kikombe, nikalaumu kikombe. Yule mama wa duka la chini niliyempita bila salamu akanuna, nikasema ana majivuno. Kila kitu kilikuwa na mkosaji wake na nilikuwa nimeshampa hukumu.

Nikaenda hospitali ya macho. Foleni zao sitaziandika leo, nitaziandika siku nyingine na watajuta. Walinikalisha mbele ya bakuli kubwa jeupe, kidevu juu ya kitako cha plastiki, nitazame nukta ya katikati, na kila nikiona kimulimuli nibonyeze kitufe. Nikabonyeza. Halafu kukawa kimya, kimya kirefu, hakuna kimulimuli chochote. Nikamwambia muuguzi kitufe chake kimekufa.

"Wengi husema hivyo, mama," akasema. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Wanaiita presha ya macho. Hairukiruki, haiumi, haiwashi. Inakula pembeni kidogo kidogo, na akili inaziba pengo kwa kujibunia, mpaka unaamini unaona dunia nzima. Kilicholiwa hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa matone, kila siku, bila kuruka, maisha yote. Daktari alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya maji. Nilimpenda kwa hilo. Angenihurumia ningelia.

Kisha akauliza, "Nyumbani kwenu kuna aliyewahi kupoteza uwezo wa kuona?"

Nikataka kusema hapana. Baba alikuwa mzee tu, ndivyo tulivyosema wote. Halafu nikakumbuka balbu.

Na wewe unazikumbuka, maana wewe ndiye uliyekuwa unapanda juu ya kiti. Baba akirudi kutoka kiwandani, anaangalia juu, anasema balbu za siku hizi hazina nguvu, wanatuibia. Ananunua nyingine. Mimi na mama tunashika kiti, wewe unapanda, unazungusha, unamuuliza, "Sasa je, baba?" Anasema afadhali kidogo. Wiki inayofuata analalamika tena. Mama alikuwa anazificha zile za zamani kwenye ndoo, nzima zote. Baba akaandika barua ya malalamiko kwa kampuni ya balbu, na mimi ndiye niliyemsahihishia, nikaongeza ukali. Nadhani hapo ndipo nilipojifunzia kazi hii. Mwishowe akawa anakaa chini ya taa inayowaka, anauliza kwa nini tumezima. Hakuna aliyempeleka kokote. Alikuwa mzee, tulisema. Alikuwa na umri kama wangu huu.

Nilimweleza daktari. Akaacha kuandika, akauliza kama nina ndugu wa tumbo moja. Nikamwambia ninaye mmoja, yuko mbali, anaendesha lori. "Mwambie apimwe," akasema. "Huenda kwa damu. Na hao wa tumbo moja ndio tunaowatafuta kwanza."

Niliitikia. Nikachukua matone yangu, nikashuka ngazi nimeshika reli kwa mikono miwili. Nilipofika mtaani ndipo ujumbe wako wa mwezi uliopita uliponirudia kichwani, nikasimama pale pale kwenye lango watu wakinipita.

Uliniandikia kwamba taa ya kushoto ya gari imekufa nguvu. Kwamba umebadilisha balbu, umembadilisha fundi umeme, bado upande huo hauonekani vizuri. Na kwamba mpuuzi mmoja wa pikipiki alitokea kushoto kwako, hujui alikotoka, ukapinda usukani, Mungu akasaidia. Na mimi nilikujibu nini? Nilikujibu kwamba vipuri siku hizi ni takataka tupu, uwatukane kwa niaba yangu.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Nikifunga macho naiona ile pikipiki. Asubuhi naanza na mimi mwenyewe: naziba jicho hili natazama nondo za dirisha, naziba lile natazama tena, kama zimepungua. Halafu nakufikiria uko barabarani, na mbele yako upande wa kushoto kuna watu wanaovuka, na wewe unailaani taa.

Sasa sikiliza, na usibishane, kubisha katika familia hii ni kazi yangu. Hilo gari lisimame. Tajiri wako akinuna, mpe namba yangu ya simu, nitafurahi sana kuzungumza naye. Nenda hospitali ya macho, siyo duka la miwani, hospitali, uwaambie baba alipofuka na dada amekutwa na presha ya macho, wakupime yote, hadi lile bakuli la vimulimuli. Usiniambie una safari moja tu ya kumalizia. Usiniambie unaona vizuri. Mimi nilikuwa naona vizuri sana. Huenda kweli ni taa. Nakuombea iwe taa, nipate aibu, uniite mzushi mbele ya watoto wako, na nitakunywa aibu hiyo kama uji.

Mimi nimebaki na sehemu kubwa bado, usiogope kupita kiasi kwa ajili yangu. Matone yanachoma kidogo. Nimeyahamisha maandishi kulia tena, safari hii najua kwa nini. Kutwa nzima jana nilikaa mbele ya rafu ya vitabu nikichagua vya kuvisoma kwanza, kisha nikajikasirikia kwa kuchagua, nikavirudisha vyote. Chogo yupo ukumbini. Shemeji yako alimwasha, akasema kioo chake kinaonyesha mpaka kwenye kona. Sitamtupa. Paka bado analala juu yake, ingawa hana joto tena.

Nisalimie wifi, mwambie goti alipumzishe kweli na siyo kwa maneno. Wabusu wanangu; yule mkubwa mtazame jinsi anavyopokea mpira ukitoka kando, kisha uniambie. Mama anakusalimu tena, sijamwambia lolote, ananiuliza kwa nini siku hizi namtazama sana usoni. Shemeji yako anakusalimu, na safari hii amesema maneno mengi: anasema uende.

Mungu akutangulie mbele, na kulia, na zaidi kushoto.

Usinunue balbu nyingine kabla hujanijibu.

Ni mimi dada yako nikupendaye, nitakaye tuonane kwa macho yetu wenyewe,

Dada Mkubwa