Gia za Lugha Mbili

Jumanne, Meru.

Tena leo cheni imeruka, nikaisukuma baiskeli mpaka kwa fundi Majengo huku nikimlaumu Njeru, mume wangu, kimoyomoyo. Lakini kosa ni letu sote. Yeye alitaka gia za Kijapani, kwa sababu spea zake hata kwao Gachoka zinapatikana. Mimi nilitaka za Kimarekani: zikiingia zinalia ta, unajua zimeingia. Ili tusigombane tukanunua nusu kwa nusu, swichi ya mkononi ya kubadilisha gia ikawa yake, kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni kikawa changu.

Fundi alicheka. "Mama, hii inavuta waya kidogo, ile inataka kuvutwa sana. Haziongei lugha moja."

Kama nyumba yetu, Kimbeere na Kimeru. Ila sisi tuna Kiswahili.

Mashindano ya baiskeli ya Ruiri ni Jumamosi na naogopa cheni kuruka kwenye kilima cha huko. Nikamwambia fundi afunge za Kijapani zote.

Jioni, kabla sijasema kitu, Njeru akaweka kikombe chini. "Weka zako zote. Wewe ndiye unaendesha."

Sijamwambia kwamba nimeshafunga zake. Jumamosi atasimama pale kilimani akingoja kusikia ta. Nitapita kimya, na atajua.