Bangili za Rubabbai

Kinondoni, Dar es Salaam
9 Agosti 1954

Kaka yangu mpendwa Nazarali,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Lindi, na kwamba kile kifua kimekuachia. Mimi na Shangazi Sakarbai hatujambo, ila tangu juzi nimejaa kinyaa, na sababu yake ni Bandali, mwanamume uliyeikubali posa yake.

Jumamosi nilikwenda Temeke kupimwa gauni la harusi kwa mshonaji anayesifiwa sana. Nilimkuta mwanamke wa Kihindi kama sisi, mjamzito, na cherehani yake katika chumba cha uani. Aliponishika mkono akaganda. Alizitazama bangili za dhahabu alizoniletea Bandali, akaniomba nivue moja, akanionyesha alama ya jino karibu na kifungo. Alisema mwanawe aliiuma alipokuwa akiota meno.

Huyo ndiye Rubabbai, mtalaka wa Bandali, yule tuliyeambiwa kwamba alimchoka mumewe akaomba talaka mwenyewe. Kumbe Bandali alifunga stoo ya chakula kwa kufuli, akamlaza yeye na mtoto jikoni, na yeye akawa anakula hotelini, akirudi anachokoa meno mbele yao. Mtoto alipoanza kuugua kwa njaa, Rubabbai akamwambia Bandali ampe talaka tu. Ndicho alichokuwa akikingojea! Mke akijikomboa kwa khului, yaani talaka anayoiomba mwenyewe, hurudisha mahari, na nafaka ya eda, yale matunzo ya baada ya kuachwa, haipati. Bangili ndizo zilizokuwa mahari yake. Bandali akazivua mkononi mwake mbele ya mashahidi, kisha akanivika mimi. Hata kwa ajili ya ile mimba aliyomwachia hajapeleka kibaba cha mchele.

Siku ile ile nilimwendea shehe. Alinieleza kuwa mahari aliyoitoa mke kwa kubanwa si halali ya mume, na kwamba mtalaka mwenye mimba hulishwa na aliyemwacha mpaka ajifungue. Bandali alipokuja kwetu jioni nikamuuliza, nikidhani atakana. Alicheka.

“Mwanamke haachwi akaondoka na dhahabu mkononi,” akasema. “Na wewe, Zohra, usijisahau.”



Shangazi alinisihi ninyamaze, tusiaibike. Kaka, sikunyamaza. Jana nilirudi Temeke nikamvisha Rubabbai bangili zake zote kwa mikono yangu, na Bandali nimempelekea habari kwamba posa imevunjika. Najua duka lako huchukua bidhaa kwake kwa mkopo, na huenda sasa akakukatia. Kwa hasara hiyo niwie radhi. Kwa lile la bangili siombi radhi. Ijumaa shehe amemwita ajibu habari ya nafaka, nami nitakwenda kuyasema yote niliyoyasikia kinywani mwa Bandali.

Msalimie sana wifi, na watoto nibusie. Shangazi anakusalimu, ingawa na mimi bado hasemi.

Mdogo wako akupendaye,
Zohra