Karatasi ya Babu Chini ya Mikeka

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada, na kabla ya msaada naomba univumilie, kwa sababu jambo lenyewe ni dogo, linaenea kwenye karatasi moja tu, lakini limeninyima utulivu tangu Jumatatu ya wiki iliyopita, na huku kwetu kisiwani Savai'i, Samoa, mambo ya mama yako huwezi kumwambia jirani, maana jirani naye ni shangazi yako.

Nina miaka kumi na saba na niko mwaka wa mwisho wa sekondari. Mwalimu wetu Vaosa alitupa kazi ya nyumbani, kila mmoja atafute wasifu wa kazi wa mtu mzima wa nyumbani kwake, ile karatasi mtu anayoipeleka anapoomba kazi, ausome kisha auandike upya hadi ufike leo. Alisema wasifu ni kama shamba la magimbi, ukilitembelea siku ya sherehe peke yake utavuna magugu. Nilipomuuliza mama yangu, Moelagi, wa kwake uko wapi, alikuwa anasuka mkeka, akajibu bila kuinua macho, "Uko chini ya godoro, na ile mikeka mizuri. Usiukunje vibaya."

Mikeka yetu mizuri hailaliwi, inatandazwa chini ya godoro ikae laini huku ikingoja harusi na misiba, na humo katikati ndimo nilimoikuta karatasi. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, wote wamejilaza, mapazia ya makuti yameteremshwa na mwanga unaingia vipande vipande kama maji yanavyopita kwenye vidole, nami niliposoma nilihisi nimeingia nyumba nyingine, iliyo mahali palepale petu, na ndani yake mama ni msichana. Ana miaka ishirini na mitatu. Hajaolewa. Anajua kupiga taipu kidogo na anaimba sauti ya pili kwenye kwaya. Namba yake ya simu ni ya duka la njia panda, ambalo lilibebwa na dhoruba kabla sijazaliwa, na shahidi wa tabia yake ni mchungaji ambaye sisi vijana wa kanisa tunafagia kaburi lake.

Iliandikwa na babu, baba yake mama, kwa mashine ya taipu. Babu alikuwa msemaji wa ukoo wetu, yule anayesimama na fimbo uwanjani kuzungumza kwa niaba ya wengine wote, na alifariki nikiwa na miaka minne, kwa hiyo sauti yake siikumbuki, lakini nadhani niliisikia pale: "Huyu ni Moelagi, wa nyumba inayotazamana na chemchemi. Mikono yake haijui kukaa bure." Maneno yanafika katikati ya ukurasa yanakoma. Nusu ya chini ni tupu, imegeuka rangi ya chai.

Nikamuuliza, "Mama, mbona hospitali haimo humu?"

"Itakuwemo vipi? Babu yako aliandika kabla sijaajiriwa."

"Na wewe hukuongeza kitu? Miaka ishirini na moja?"

"Msemaji akishasema akaketi, nani anasimama kumsahihisha? Niletee maji."

Hapo ndipo nilipoelewa lililotokea miaka miwili iliyopita. Mama alianza chumba cha kufulia nguo katika hospitali ya wilaya yetu, akahamishiwa stoo ya dawa, na humo sasa ana miaka kumi na moja. Mkuu wa stoo alipostaafu kila mtu alimwambia mama aombe nafasi, akaomba, na akapeleka karatasi hiihii ya babu vilevile ilivyo, na waliokaa kuchagua walitoka Apia, mji mkuu ulio kisiwa cha pili, hawamjui, wakamjibu kwa barua ya heshima kwamba mwombaji haonyeshi kuwahi kufanya kazi katika stoo ya dawa. Akaletwa Bwana Iosua, mwenye wasifu wa kurasa nne. Simsemi vibaya, ni mtu mpole, ila mama ndiye aliyemzungusha miezi mitatu kumwonyesha kila kitu kilipo, hata akawa anamwita Mama Ramani.

Sasa Bwana Iosua anahamia Nyuzilandi na nafasi imetangazwa tena, inafungwa Ijumaa tarehe kumi na saba Oktoba, saa kumi alasiri. Mama ana miaka arobaini na minne. Akipewa kijana mwingine, haitafunguka tena mpaka mama awe bibi. Nilipomwambia aandike wasifu mpya alisema, "Safari hii wananijua. Wakinitaka wataniita." Mama mdogo Tipesa alikuwepo, akamwambia, "Dada, wewe ukiulizwa nani kamzaa huyu mtoto utasema tulisaidiana kanisa zima." Mama alicheka hadi akakosea msuko, akaufumua, lakini hakuandika.

Kwa hiyo nimeandika mimi, na hili ndilo linalonikaa kooni. Nimeuandika kwa siri kwenye kompyuta ya shule, siku nne, baada ya vipindi, nikaenda pia kwa Sista Fuatino, muuguzi mkuu, nikamuuliza mama hufanya nini hasa kule, na Sista akaniambia mambo ambayo sikuwahi kuyasikia nyumbani. Kwamba ule utaratibu wa kubandika utepe mwekundu kwenye dawa zinazokaribia kuharibika ni wa mama. Kwamba wasichana watatu aliowafundisha sasa wanaendesha stoo za hospitali nyingine. Na kwamba mwaka wa kimbunga, umeme ulipokatika siku tatu, mama alizitoa chanjo zote akazipanga kwenye masanduku ya wauza samaki, akawa anaomba barafu nyumba kwa nyumba na kupima ubaridi kila saa, na haikutupwa chupa hata moja. Mshauri, mwaka ule nilikuwa na miaka minane, na mama aliporudi siku ya nne nilimnunia, nikakataa kula alichopika, kwa sababu niliamini ametusahau. Hakunieleza. Alisema tu, "Barabara ilifungwa."

Nimeandika yote hayo. Halafu, kwa kuwa nimeanza kukiri nimalize, mahali fulani nimeandika kwamba amesimamia stoo kwa miaka ishirini, ambayo si kweli, ila ilisomeka vizuri. Chini nimeweka jina lake. Barua pepe iko tayari, imebaki kubonyeza.

Je, nitume bila kumwambia? Nikimwambia atasema nimemwanika hadharani, maana kwetu mtu hajisifu, husifiwa na mwingine, na mwenye kujisifu huwafanya hata mbwa waondoke. Nisipomwambia, huenda akaipata nafasi. Mwakani nikifaulu nitakwenda kusoma Apia na yeye atabaki, na wakati mwingine darasani, mwalimu akiwa anaongea, namwona mama amekaa kwenye kiti cha mkuu wa stoo, kile cha dirishani, funguo ziko shingoni, nje mvua nyepesi inanyesha juu ya mishelisheli, na hakuna mtu anayemwita ramani. Kisha mwalimu ananiita jina langu na ninaamka. Nina mistari ya kukariri kwa Jumapili ya Watoto, ya mwisho kwangu kabla sijawa mtu mzima, na hata hiyo haikai kichwani.

Wako mtiifu,
Binti wa Stoo, Savai'i

*

Binti wa Stoo,

Ondoa kidole chako kwenye kompyuta. Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine ili jibu likufikie leo Jumamosi, tarehe kumi na moja, kwa sababu muda unao, ila si mwingi.

Usitume. Nasema hivyo nikiwa upande wako. Mama yako akiitwa kwenye usaili ataulizwa habari za masanduku ya samaki, na kwa kuwa hajui kama yameandikwa, atasema walisaidiana kanisa zima. Watamtazama, wataitazama karatasi, watadhani mmojawapo anadanganya. Na kwa ile miaka ishirini watakuwa wamepata sababu. Ifute leo, kabla ya chakula cha jioni. Miaka kumi na moja ni mingi, mwanangu, tena ni yake kweli. Umeona jinsi uongo mdogo unavyoweza kuuza kweli kubwa kwa bei ya bure?

Sasa nina neno na mama yako. Najua analisoma gazeti hili; kila mtu hulisoma huku akisema amelinunua la kufungia samaki. Moelagi, mdogo wangu, unasema wanakujua. Nani? Sista Fuatino anakujua. Wanaochagua wanatoka ng'ambo ya maji na wanachokijua ni kile kinachowafikia mezani. Mara ya kwanza kiliwafikia kitu kinachosema wewe ni msichana wa miaka ishirini na mitatu anayepigiwa simu kwenye duka ambalo halipo. Wakaamini. Utawalaumu? Na yule shahidi wako, Mungu amrehemu, hawezi kupokea simu.

Ulichokifanya si kiburi, nakubali. Uliheshimu neno la mzazi. Lakini binti yako ameandika jambo moja kwa usahihi kuliko alivyojua: kwetu mtu husifiwa na mwingine. Basi huyo mwingine amepatikana. Amekaa siku nne kwenye kompyuta ya shule.

Turudi kwako, binti. Kesho ni Jumapili ya Watoto, na katika mwaka mzima ndiyo siku moja ambayo nyie mnasimama mbele mkiwa mmevaa nyeupe na sisi wakubwa tunafunga midomo. Kariri mistari yako, uiseme. Baadaye nyumbani, mkishapakuliwa ninyi kwanza, na wazazi wakiwa wanapepea nzi na kuwaongezea sosi ya nazi, omba zawadi yako. Sema unataka mama akusikilize mpaka mwisho bila kukutuma maji. Hatakunyima, siku hiyo hawanyimi. Simama, kama ulivyosimama kanisani, umsomee ukurasa mzima kwa sauti. Anza na babu, maneno yake kama yalivyo, usiache hata ile sauti ya pili ya kwaya. Kisha endelea na yako.

Atakukatiza. Atasema, "Si mimi peke yangu." Mwambie sawa, mama, uliyesaidiana naye ni nani, tumwandike pia. Atasema, "Sikusimamia, nilipanga tu." Andika alipanga. Neno lake likiwa dogo kuliko lako, chukua la kwake. Ndilo atakaloweza kulirudia mbele ya watu bila kutazama sakafu. Ukifika kwenye kimbunga, usikimbilie mstari unaofuata. Nawe hapo una la kumwambia lisilohusu kazi yoyote, na unalijua.

Jumatatu ni mapumziko. Kaeni wawili mwandike nakala safi, ukurasa mmoja au miwili, si minne, huyo Iosua hana mashindano nanyi. Wekeni namba ya simu inayoita. Sista Fuatino awe shahidi, aombwe kwanza kwa heshima, asishtukizwe. Jumanne Mwalimu Vaosa aipitie. Jumatano mama aipeleke kwa mkono wake mwenyewe, akiwa amevaa nguo yake ya Jumapili, adai stakabadhi. Msingoje Ijumaa saa tisa na nusu. Meli huchelewa, umeme hukatika, na karani huenda kula.

Na baada ya hapo, kila mwaka, Jumatatu hiyohiyo baada ya Jumapili ya Watoto, mtoe nakala yenu hii mpya, muongeze mistari ya mwaka huo: nini kimefanyika, kiasi gani, nani aliona. Mwaka mwingine utakuwa mstari mmoja. Uandikeni hivyohivyo. Mtu asiyeandika kazi yake ikiwa bado ina joto huja kuitafuta siku anayoihitaji, akaikuta imepoa na kusahaulika, tena na yeye mwenyewe kwanza. Wewe nawe anza wako Jumatatu hii. Una mstari tayari: siku nne, ukurasa mmoja, mahojiano na muuguzi mkuu. Utauhitaji Apia.

Kama atapata nafasi siwezi kukuahidi. Hao wa Apia wana macho yao. Lakini safari hii watamkataa au kumchukua Moelagi mwenyewe, na hilo ni haki yake ya miaka ishirini na moja.

Limebaki moja, na kwa ajili ya hili barua yako nimeisoma mara mbili. Ile karatasi ya babu msiifute hata nukta, na msiipeleke popote. Irudi kati ya mikeka. Ila kabla haijarudi, mama achukue kalamu aandike kitu kwa mkono wake katika ile nusu ya chini. Umeniambia ni tupu, ukapita haraka kama mtu aliyeona doa. Binti, nimewasikia wasemaji wa ukoo maisha yangu yote, na sijamwona hata mmoja aliyeishiwa maneno katikati ya ukurasa. Babu yako alisema sehemu yake, akaketi, akaacha nafasi.