Kiti cha Nasrin

Ilomba, Mbeya
3 Machi 2025

Asalaam aleikum dada Chiku,

Shikamoo. Shemeji na watoto hawajambo? Huku mvua hainyamazi, nguo hazikauki, ila tu wazima.

Dada, tumepita! Chama chetu cha watumiaji wa intaneti kimekubaliwa kwenye baraza la watumiaji wa kawaida, lile linalolishauri shirika la dunia linalosimamia majina ya tovuti. Kampuni zina viti vyao, serikali zina vyao. Kiti hiki ni chetu sisi tunaotumia tu. Wenzangu wamenichagua niwasemee. Mwezi wa sita nitazungumza mkutanoni, kwa mtandao. Niandikie yale yaliyompata mama Severina wa Kalenga na tovuti yao, niyaseme huko.

Mdogo wako,
Nasrin

Iringa
29 Machi 2025

Waleikum salaam Nasrin,

Marahaba. Sisi wazima, baridi tu. Nimechelewa kujibu, kazi nyingi.

Hongera. Chama mmeanzisha lini? Mimi niliyekufundisha kushika kompyuta nasikia leo.

Haya. Kikundi cha Severina na kina mama wenzake kinauza vikapu kwenye tovuti. Fundi aliyewasajilia jina alisahau kulilipia. Jina likaisha muda, mtu akalinyakua, akaweka picha zao zilezile na kupokea oda za wateja wao. Nimewasaidia kulalamika, hatujui pa kwenda. Severina aliniambia, “Chiku, wamelichukua jina pamoja na sura zetu.”

Dada yako,
Chiku

Iringa
12 Juni 2025

Nasrin,

Nimekusikiliza mkutanoni. Kisa changu, maneno yangu, hata ile sentensi ya Severina. Halafu eti “mwenzangu mmoja wa Iringa”. Mwenzangu mmoja! Mama kaita majirani waje wakusikilize. Shemeji yako kasema, “Mdogo wako anajua kujieleza.” Nikazima simu.

Ndiyo, nina wivu. Usinipigie.

Chiku

Ilomba
15 Juni 2025

Shikamoo dada,

Samahani. Jina lako lilikuwa mdomoni, nikalimeza. Tangu shule ya msingi mimi ni “mdogo wake Chiku”. Walimu, madrasa, hata harusini kwangu. Nilitaka siku moja niwe Nasrin tu. Kumbe wivu tunao wote wawili.

Lakini dada, kiti si kimoja. Kikundi chochote cha watumiaji kinaweza kuomba kuingia, na kikikubaliwa kina kura yake. Iringa hamjaomba. Nakutumia maelezo. Usipotaka, yafute.

Mdogo wako,
Nasrin

Iringa
22 Februari 2026

Asalaam aleikum Nasrin,

Ramadhani njema. Najua nimekunyamazia muda mrefu. Mama anasema umepungua. Kula daku vizuri.

Nasi tumekubaliwa barazani. Tumo mimi, Severina, Ombeni wa duka la simu na wengine. Kina mama wamenichagua niwasemee, na sikuomba kura hata moja.

Nimesoma pendekezo ulilopeleka barazani, kwamba namba ya simu na anwani ya kila mwenye tovuti ziwekwe wazi ili matapeli washikwe. Nimewasomea wenzangu. Severina akauliza, “Kwa hiyo kila mwanaume duniani awe na namba yangu?” Nasrin, hapo hukuwauliza watu. Tutakupinga, na mkutanoni nitakutaja kwa jina lako, si “mdogo wangu”, ulivyotaka.

Bado roho inanichoma nikisikia unavyosifiwa. Sasa wivu huo unanisaidia kusoma makaratasi ya baraza.

Idd njoo mapema na watoto. Pilau utapika wewe, mimi siku hiyo nina kikao cha baraza.

Dada yako,
Chiku