Vifaru Vyenye Mtende

Jumatatu, 4 Agosti

Magunia arobaini na mawili ya viazi yamepakiwa kufikia saa mbili asubuhi. Ukungu haujainuka. Siku kama hizi hapa Chaka, lori likitoka yadi, baada ya mita thelathini haliko tena. Unasikia injini tu, kama kitu unachojaribu kukumbuka.

Baba Mkubwa Gathogo amepiga simu. Mkutano wa familia ni Jumamosi tarehe ishirini na tatu, kwake Tetu. Shamba la Guka, baba yake na Baba, litagawanywa sasa. Guka alikufa miaka hamsini na nne iliyopita na hati bado iko kwa jina lake. Ekari sita. Tatu za juu analima Baba Mkubwa. Tatu za chini alilima Baba mpaka alipokufa. Baba Mkubwa ana wavulana wanne. Baba alikuwa na mtoto mmoja, msichana, mimi. Ameniambia nisijisumbue kufunga yadi siku hiyo. Ati ni mambo ya wavulana.

Mama amezikwa pale chini, karibu na mparachichi.

Sikosi ardhi. Ploti zangu mbili za hapa nilinunua mwenyewe, na nilianza na gunia moja la karoti kando ya barabara. Lakini ekari tatu ni ekari tatu. Nina hasira. Nimehesabu gunia moja mara mbili leo, kitu ambacho sijafanya miaka kumi.


Jumatano, 6 Agosti

Nimefungua sanduku la bati la Cucu, mama yao. Mama aliniachia. Blanketi la jeshi. Cheti cha ubatizo cha Baba Mkubwa. Kadi ya Guka.

Ni kadi ya mateka wa vita, ile waliyopewa kutuma nyumbani. Jina, namba, na mistari miwili kwa mwandiko wa mtu mwingine: Nimeshikwa. Niko mzima. Tarehe 21 Juni 194, halafu shimo. Wadudu wamekula namba ya mwisho.

Cheti kinasema Gathogo alizaliwa Februari 1944.

Guka aliondoka mwishoni mwa mwaka wa arobaini na moja, akarudi wa arobaini na tano. Hadithi ya nyumbani ni kwamba alikuja likizo mara moja, mwezi wa tano wa arobaini na tatu, akarudi jangwani na akashikwa mwezi uliofuata. Hivyo ndivyo sote tulivyokua tukijua.

Sijui kwa nini nimebaki nikiangalia lile shimo.


Ijumaa, 8 Agosti

Nanyuki, magunia sita kwa mke wa Mwalimu Wekesa, ana kibanda cha chipsi. Mwalimu mwenyewe alitoka Bungoma kuja kufundisha historia, akastaafu, hakurudi. Nyumba yake ni vitabu mpaka chooni.

Nilimuuliza kuhusu vifaru vya vita vilivyochorwa mtende. Guka alimwambia Baba hivyo, kwamba alikuwa akipakua meli kwenye bandari fulani ya jangwani, vifaru vikateremka kutoka juu kama mifugo inayokwenda kunywa maji, na kila kimoja kilikuwa na mti mdogo mweupe.

"Mama Viazi, leo umeacha biashara umeingia jeshi?" Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaacha kucheka. "Wajerumani hao. Kama walifika bandarini kwenyewe, mimi naweka pesa yangu kwa divisheni ya ishirini na moja. Kwa nini unataka?"

"Nataka tu."

"Hakuna mtu wa kwenu Kieni anataka tu."

Amenipa kitabu kinene. Nikiwa njiani, magari ya jeshi la wageni yalipita yakielekea uwanja wa mazoezi. Ishirini na tatu. Nilisimama pembeni mpaka vumbi likashuka.


Jumapili, 10 Agosti

Kanisani nililala kidogo. Niliona vifaru vikishuka kutoka mlimani kupitia mashamba ya kabichi, polepole, bila sauti, bila kuvunja hata jani. Mwanamke aliyebeba maji alivipisha. Ukungu ulikuwa na rangi ya mchanga. Kifaru cha mwisho kilisimama mbele yangu, kifuniko kikafunguka, na ndani hakukuwa na mtu. Kulikuwa na joto tu, kama tanuri la mkate.

Jirani alinigusa. Walikuwa wanasimama kwa wimbo.


Jumanne, 12 Agosti

Nimesoma siku tatu. Kiingereza kigumu, lakini tarehe ni tarehe.

Divisheni ilishuka Tripoli Februari 1941, kwa jina lingine. Ishirini na moja ilipewa miezi michache baadaye. Ilizunguka jangwani kwenda mbele na kurudi nyuma kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Mji wa Tobruki uliizuia mwaka mzima wa kwanza. Juni 1942 ikaingia na kufika bandarini jioni. Asubuhi yake, tarehe ishirini na moja, mji wote ukasalimu amri. Maelfu na maelfu walitekwa, na Waafrika wapakuaji wamo, kwenye sentensi moja. Nimeisoma mara nyingi. Guka ni herufi gani ndani ya sentensi hiyo?

Novemba ile vifaru vyake karibu vyote vikaisha Misri. Iliyobaki ikakimbia zaidi ya kilomita elfu mbili mpaka Tunisia. Mei 1943 ikaweka silaha chini. Yote.

Basi hesabu. Juni 1941 walikuwa nje ya mji, na Guka hakuwa ameandikishwa. Juni 1943 hakukuwa na Mjerumani mwenye bunduki Afrika nzima. Inabaki Juni moja.

Kuna kitu kingine, sijui kwa nini nakiandika. Baada ya kufa Tunisia, miezi miwili tu, waliiunda tena Ufaransa. Watu wengine, magari ya kuokoteza, namba ile ile. Ikapigana Ufaransa ikiitwa ishirini na moja, na ikaenda kuishia mbele ya Warusi ikiitwa ishirini na moja. Mwalimu ameandika kwa penseli pembeni: namba haikuzikwa.


Jumatano, 13 Agosti

Kutoka Juni 1942 mpaka Februari 1944 ni miezi ishirini.

Baba Mkubwa si damu ya Guka. Baba, aliyezaliwa arobaini na saba, ndiye peke yake.

Nimekula chakula cha jioni nikiwa nimesimama.


Jumamosi, 16 Agosti

Nilienda Tetu. Nilitaka ajue mapema kile nilicho nacho, aondoe maneno yake mwenyewe. Huo ndio mpango. Nilidhani ni mpango mzuri.

Alikuwa nje kwenye kiti cha mbao, miguu ndani ya blanketi, kahawa imeanikwa mbele yake. Miaka themanini na moja. Jua lilikuwa lile la Agosti, linaangaza bila kuchoma, na kila kitu kilionekana kama kiko chini ya maji. Nilimsomea tarehe moja baada ya nyingine. Tripoli, Tobruki, Misri, Tunisia. Sauti yangu ilikuwa ya mtu anayesoma bei.

Alisikiliza yote. Kisha akauliza kama nimekunywa chai.

Akaniambia. Mpaka Guka aliporudi, yeye hakuwa na jina. Kwetu mvulana wa kwanza hubeba jina la baba ya baba yake, na jina hilo si la mama kutoa, ni la nyumba ya mume. Mume alikuwa mateka, wengine walisema amekufa. Cucu akakataa kumpa jina lingine lolote. Akaitwa Mtoto. Mwaka na zaidi, Mtoto.

"Guka wako alisimama hapo kwa lango na blanketi yake," alisema. "Akauliza, huyu anaitwa nani? Mama akaangalia chini. Unafikiri hakujua kuhesabu? Yeye ndiye alishikwa. Halafu akasema, huyu ni Gathogo. Akachinja mbuzi. Ile likizo ni yeye aliitengeneza, awape watu kitu ya kusema."

Nikamuuliza, na shamba?

"Shamba ni ya wavulana. Hilo haliingiliani."

Nikasimama kuondoka. Nyuma yangu akasema, "Na wewe uliitwa nani, Mami?"

Hajaniita hivyo tangu tulipomzika Baba. Mimi ni msichana wa kwanza wa baba yangu, kwa hivyo nina jina la Cucu, mama yao, Nyambura. Nikiwa mdogo aliniita Mami mbele ya watu, mtu mzima na ndevu zake, akaniletea mkate kwa sababu mama hatembelewi bila zawadi. Wengine walicheka. Yeye hakuwa anacheza.

Nilikuwa nimehesabu kila kitu isipokuwa hilo.


Jumapili, 17 Agosti

Sikwenda kanisani. Mvua nyepesi siku nzima.


Jumatatu, 18 Agosti

Magunia hamsini, manne yameoza chini, nimeyarudisha. Nimemfokea mkulima asiye na kosa.

Bado ana kiburi. Ananiita mama na ananinyima mahali alipozikwa mama yangu. Nikisema Jumamosi, wavulana wake wanne watakaa chini. Lakini nikisema, watu wote watamwangalia Nyambura. Yule wa kaburini na huyu aliyesimama. Watasema Nyambura alifanya nini vita vikiwa jangwani. Kila mara nitakapoitwa sokoni watakuwa wanasema hilo.

Mchana nilisinzia juu ya magunia. Nilikuwa langoni Tetu nikiwa na mtoto mgongoni. Mwanamume alikuwa anakuja kupitia ukungu, mbali sana, na hakuwa anafika. Nilijua ana swali moja. Sikuogopa. Nilikuwa nimechoka tu kumngoja.


Ijumaa, 22 Agosti

Kadi nimeiweka ndani ya mkoba. Nimeitoa. Nimeirudisha.


Jumamosi, 23 Agosti

Watu kumi na saba, ukitoa watoto. Chai, mukimo, mbuzi. Katekista Nderitu ndiye aliyeandika. Anaheshimika kwa sababu ana mwandiko mzuri na hana shamba karibu.

Muriuki, kitinda mimba wa Baba Mkubwa, alikuwa amechora mgawanyo tayari. Ekari sita, wavulana wanne, moja na nusu kila mmoja. Alionyesha hata mahali pa kupitisha trekta. Kaburi la Mama lilikuwa ndani ya mstari wa trekta. Ati watalizunguka.

Nikaomba kusema.

"Shosho wa soko anataka nini?" Muriuki akasema, ananiita bibi kizee. Wakacheka, hata wake zao. "Dada, wewe uko na jina kule Chaka. Kwa hii karatasi huna jina."

Sijui kadi ilitoka saa ngapi kwenye mkoba. Ilikuwa mkononi. Katekista aliiona.

"Hiyo ni ya nini, Mama?"

"Ya Guka. Ya vita."

"Lete tuisome. Mwaka gani?"

Nilimwangalia Baba Mkubwa. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Hakunipungia, hakunikazia jicho. Uso wake ulikuwa wa mtoto anayengoja kuitwa jina. Ndiyo, nimeandika hivyo, na sitaki kubadilisha.

Nikasema haisomeki. Nikasema wadudu wamekula.

Katekista aliichukua, akaigeuza kwenye mwanga, akakubali. Akanirudishia. Nilijua nimepoteza ekari tatu kwa neno moja. Nilijihisi mwepesi, halafu nikajihisi mjinga. Nikaanza kutafuta kitambaa changu cha kichwa niende.

Baba Mkubwa akaweka kikombe chini.

"Nderitu. Jina analo. Ni la mama yangu. Andika Nyambura, upande wa chini."

Muriuki alisimama. Akasema mengi. Baba Mkubwa alimsikiliza kama alivyonisikiliza mimi, mpaka mwisho, na kisha akamwambia akae. Wamekata robo ekari ile ya mtoni, wapate njia ya maji. Inabaki ekari mbili na robo tatu. Nilikubali. Sikufurahi. Ile robo ndiyo yenye udongo bora.


Jumatano, 3 Septemba

Mpima ardhi alifika Tetu saa nne, na vigingi vyake na kamba. Muriuki alishika upande mmoja bila kunisemesha. Nilihesabu hatua zangu mwenyewe nyuma yao. Tofauti na kamba yao ni hatua mbili. Nikaziacha.

Jua lilikuwa zuri. Maua ya kahawa yameanza, harufu ilikuwa kila mahali, tamu mpaka kichwa kinazunguka. Watu walienda kula. Kelele ikaisha kidogo kidogo, kama inashuka bonde.

Baba Mkubwa alikuwa ameletewa kiti chake aje kushuhudia. Alipitiwa na usingizi kabla ya kigingi cha mwisho, mdomo wazi, kofia magotini. Amekaa hatua nne ndani ya mpaka wangu.

Sikumwamsha.