Nishani Iliyokuwa Ndani ya Hirizi

Baba,

Tangu tukuzike nakuombea kila baada ya sala, lakini juma hili naianza dua nisiimalize. Nakushuku. Afadhali nikwambie mwenyewe kuliko kukusengenya barazani.

Ngozi ya hirizi yangu imechanika. Ile uliyonifunga mkononi nikiwa mtoto, ukasema ndani mna aya na atakayeifungua atapata wazimu. Nilikwenda nayo vitani Burma nikarudi nayo. Juzi nilimpelekea mshona viatu wa Msambweni aitie ngozi mpya, ikamdondokea mapajani nishani ya fedha: upande mmoja kichwa cha Malkia wa zamani, na ukingoni jina la bwana wako wa Diani, yule Mzungu uliyempikia, ofisa wa zamani wa jeshi la wapanda farasi. Niliipokonya kabla hajauliza.

Ulikuwa ukirudi kazini unatusimulia vita vyake. Walivyotimua mbio kwa farasi kule Sudan, wenzake wakaanguka kulia na kushoto, yeye asipate hata mkwaruzo. Kisha Afrika Kusini, hivyo hivyo. "Yule ana kitu kinachomkinga," ulimwambia Mama. Nami nilikuwa mgonjwa kila siku, na wawili walionitangulia mlikwisha kuwazika.

Baba, nishani haimkingi mtu! Mimi ninayo yangu ya Burma. Tulipewa vita vilipokwisha, sisi tuliosalia. Hukumuuliza bwana wako hata siku moja?

Nimejaribu kujidanganya kwamba alikupa. Lakini mtu hapewi kitu kisha mwingine akafungwa kwa kukiiba. Mzee Hamisi, mpishi mwenzako, alifungwa kwa ajili ya nishani hii. Alipotoka hakuna Mzungu aliyemwajiri tena, akahamia Kikoneni kulima mihogo, na hadi leo wapo wanaomwita mwizi. Nawe ulinyamaza.

Mama naye namshuku. Nilipomwonyesha alijifunika kanga usoni, akasema, "Irudishe kwenye ngozi, mwanangu. Si imekukinga, u mzima mpaka leo?" Kumbe alijua.

Na siku ya maziko, imamu alipouliza tunamshuhudiaje marehemu, aliyetangulia kusema "mtu mwema" ni Mzee Hamisi. Nilimwona akinitazama mkono wenye hirizi. Sasa sijui kama alikuwa akikusamehe au akinipima mimi. Silali vizuri, Baba. Nina hasira nawe, na nimekukumbuka mpaka naumwa.

Ijumaa nakwenda Kikoneni. Nitamkabidhi Mzee Hamisi nishani msikitini, watu wote wakisikia, na nitataja jina lako. Mama ameapa hatanisemesha. Ndugu zako watasema nimekufukua kaburini.

Kwaheri, Baba. Mwenyezi Mungu akurehemu. Nakuahidi nitamwomba Mzee Hamisi akusamehe, na nitaomba nikiwa nimepiga magoti. Akikataa sitamlaumu, na bado utakuwa baba yangu.

Mwanao